Nafsi ya Tatu Inapogeuka ya Kwanza: Viambishi vya Nafsi katika Mchezo wa Bunilizi ya Kisayansi Uliochezwa Sigor

Utangulizi

Neno nafsi lina kazi mbili katika Kiswahili. Mwalimu wa sarufi anapoandika ni-, u- na a- ubaoni, huviita viambishi vya nafsi. Mhubiri naye anapoitaja nafsi huwa na maana ya kile kinachomfanya mtu awe mtu na si kitu. Wanafunzi wa Kiswahili huzizoea maana hizi mbili tangu shule ya msingi kiasi cha kutoziweka pamoja. Makala haya yanaziweka pamoja kwa kuwa zilikutana zenyewe, mbele ya kipakatalishi kimoja cha mtumba, katika jioni kadhaa za likizo ya Desemba 2023 huko Sigor.

Sigor inayozungumziwa hapa ni ile ya eneo bunge la Chepalungu, kaunti ya Bomet, wala si ile ya Pokot Magharibi ambayo wengi huifikiria kwanza wanapolisikia jina hili. Bomet na Kericho hutajwa kwa majani chai, lakini upande huu wa Chepalungu mahindi na ng'ombe wa maziwa ndio wanaotawala mazungumzo, na aliyetaka kibarua cha kuchuma chai tangu zamani alilazimika kupanda kwenye nyanda za juu. Jambo hili litahitajika baadaye.

Mchezaji aliyechunguzwa ni msichana aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliotangulia. Hakuwa amewahi kucheza mchezo wa aina hii. Gemu alizozijua ni za simu: kupanga matofali, kukimbiza pikipiki. Mchezo aliopewa na binamu yake ni Mass Effect, uliotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutolewa mwaka 2007, kisha ukatolewa kwa tarakilishi mwaka 2008. Hadithi yake ni ya wakati ujao: wanadamu wameifikia jamii pana ya viumbe wa sayari nyingi, na kamanda mmoja anayeitwa Shepard anamwandama askari msaliti, Saren, kutoka sayari moja hadi nyingine. Mchezo huu ni wa uhusika, yaani mchezaji hapewi tu kazi ya kulenga na kuruka bali huvishwa mhusika, akamchagulia jinsia, sura, asili na sifa, kisha akamsemea katika mazungumzo na kumwamulia katika njia panda za hadithi.

Lugha ya mchezo na lugha za sebuleni

Mass Effect hauna Kiswahili. Hili halishangazi, ingawa si kwamba Kiswahili hakiwezi kukaa ndani ya tarakilishi: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya mchezo huu kuzaliwa. Wala si kwamba Afrika Mashariki haikuwa na watunzi wa michezo. Mkenya Wesley Kirinya alikuwa akiunda The Adventures of Nyangi katika miaka iyo hiyo, kabla ya yeye na Mghana Eyram Tawia kuanzisha Leti Arts. Lakini mchezo wa uhusika hubeba maelfu ya mistari ya mazungumzo, na hakuna aliyeona faida ya kuitafsiri kwa ajili ya watu wa Chepalungu.

Basi kazi hiyo ilimwangukia mchezaji mwenyewe. Hakuwa peke yake sebuleni. Walikuwapo wadogo zake wawili wa kiume, mmoja wa kidato cha pili na mwingine wa gredi ya saba. Alikuwapo nyanya yao, ambaye kwa Kikipsigis huitwa gogo, akiwa ameketi pembeni. Na siku mbili alikuja mjomba. Wadogo zake hawakuweza kufuata Kiingereza cha haraka cha wanajeshi wa anga, na gogo hakutaka kukifuata kabisa. Kila maandishi yalipotokea, msichana alilazimika kuyasema kwa sauti: kwa Kiswahili kwa wadogo zake, kwa Kikipsigis kwa gogo. Mchezo uliotungwa uchezwe na mtu mmoja kimyakimya ukageuka kuwa utendaji. Msichana akawa fanani, nao wakawa hadhira, hadhira yenyewe ikiwa ya kuingilia, kupinga na kudai, kama inavyokuwa katika vitendawili, ambapo anayeshindwa hutozwa mji na mteguaji hupata sauti sawa na mtegaji.

Hapa ndipo tatizo la kisarufi lilipozuka. Vibao vya majibu katika mchezo huu ni vifupi mno, maneno mawili au matatu, na mara nyingi havitaji mtenda. Kiingereza huruhusu hivyo. Kitenzi cha Kiswahili, ukiacha amri na vitenzi vichache vya namna hiyo, hakisimami bila mtu ndani yake: anayekisema hana budi kuamua kama ni ni-, u-, au a-. Msichana huyu hakuulizwa na mchezo ni nani anayetenda, lakini lugha yake ilimuuliza kila mara alipofungua kinywa.

Viambishi vya jioni tatu

Katika jioni ya kwanza a- ndiyo iliyotawala. Kamanda anatua kwenye sayari ya Eden Prime, anapigana, anampoteza askari mmoja, anamwokota mwingine, Ashley Williams. Yote haya yalisimuliwa kama ngano yoyote inavyosimuliwa, fanani akiwa nje ya anachokisimulia. Kwa kuwa a- ya Kiswahili haibagui mume na mke, gogo alimchukulia Kamanda kuwa mwanamume hadi alipoinua macho akaona sura ya mwanamke kwenye kioo. Aliuliza mara mbili. Msichana alikuwa amemchagua Shepard mwanamke tangu mwanzo. Kiswahili, na Kikipsigis vilevile, kiliificha siri hiyo kwa muda wa saa nzima bila mtu yeyote kukusudia. Riwaya gani ya Kiswahili imewahi kuutumia uficho huu ipasavyo? Nafasi ipo wazi kwa mtunzi.

Jioni ya pili ilikuja u-, lakini haikutoka kwa mchezaji, ilitoka kwa hadhira. Wadogo zake walianza kumwambia ulimjibu vibaya, umemkasirisha, utakufa. Kwao Kamanda na dada yao walikuwa wamekwisha kuwa mtu mmoja. Yeye alizikataa kwa muda. Alikuwa na sababu nzuri: katika Mass Effect maneno ya kibao si maneno ayasemayo Kamanda. Mchezaji huchagua kifupisho, kisha Shepard hufungua kinywa na kusema sentensi nyingine kabisa, pengine kali kuliko ilivyotarajiwa. Mara kadhaa msichana alichagua jibu alilodhani la upole akashtuka kumsikia Kamanda akimfokea mtu. Basi alitafsiri kibao kwa ni- kabla ya kubonyeza, na kauli yenyewe kwa a- baada ya kuisikia. Kati ya kubonyeza na kusikia, nafsi ilibadilika. Alijitenga na maneno ambayo hakuyachagua.

Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste, katika makala yake ya mwaka 1946 kuhusu nafsi katika kitenzi, alishikilia kwamba nafsi ya tatu si nafsi kwa maana halisi. Mimi na wewe ni watu wanaozungumza, wanaobadilishana zamu. Yeye ni yule asiyekuwapo katika mazungumzo, anayesemwa tu. Moja ya hoja zake ni kwamba katika lugha nyingi nafsi ya tatu haina alama yoyote kwenye kitenzi. Kikipsigis kinamuunga mkono: amache ni nataka, imache ni unataka, na mache, bila kiambishi chochote mbele, ni anataka. Asiyekuwapo hana alama. Kiswahili kinafanya kinyume, kinampa asiyekuwapo a- yake kamili, na kwa mzawa wa Sigor kuna la ajabu zaidi: sauti ileile a- ambayo kwa Kiswahili ni yeye, kwa lugha ya nyumbani ni mimi.

Msomaji mkali anaweza kudai kwamba mambo yote yanayoelezwa hapa ni athari ya lugha ya kwanza, kwamba msichana alichanganya a- mbili. Dai hilo halina nguvu. Aliyefaulu kufika kidato cha nne hakosei viambishi hivyo, na hakuvikosea alipozungumzia jambo lingine lolote, iwe bei ya maziwa au matokeo ya mtihani. Mabadiliko yalitokea ndani ya mchezo pekee, na yalifuata uzito wa matukio wala si uchovu wa ulimi.

Mashine zile na mashine wale

Maadui wa kwanza wa Kamanda ni geth. Hawa ni viumbe wa chuma walioundwa na jamii ya quarian ili wawe nguvukazi. Wadogo wa mchezaji waliziita mashine, wakazipa upatanisho wa I-ZI: zinakuja, zipige, zimekwisha. Kisarufi hapakuwa na kosa. Ndipo Tali, msichana wa jamii ya quarian anayejiunga na Kamanda, anapoeleza historia: geth waliunganishwa, wakazidi kuwa werevu, wakaanza kuuliza maswali kuhusu kuwako kwao, na waundaji wao kwa kuogopa wakaamua kuwaangamiza. Geth walishinda. Quarian wakafukuzwa kwao, wakaishi merikebuni angani kwa muda wa miaka mia tatu hivi. Katika sehemu ya tatu ya mfululizo huu, iliyotolewa mwaka 2012, swali la geth hutajwa waziwazi: je, wana roho?

Baada ya masimulizi ya Tali, mdogo wa gredi ya saba aliacha kusema zile akasema wale. Hakuna aliyemsahihisha mara moja. Aliendelea: wanakuja, waache kwanza. Katika Kiswahili upatanisho wa A-WA huwajumuisha watu, wanyama, wadudu, hata mizimu na malaika. Mlango wake ni mpana, ila wa kuuingia ni lazima awe na uhai au asadikiwe kuwa nao. Mtoto huyo hakutoa hoja ya kifalsafa. Alibadilisha ngeli tu, na ngeli ikamtolea hoja.

Aliyemsahihisha ni mjomba. Yeye alikuwa amechuma majani chai upande wa Kericho kwa miaka mingi, hadi mashine za kuchumia zilipofika mashambani na vibarua vikapungua. Mei 2023, miezi saba tu kabla ya jioni hizi, waandamanaji wa Kericho walizichoma moto mashine kadhaa za aina hiyo. Kwa mjomba neno mashine halikuwa la mchezo. Alisema kwa ukali kwamba mashine ni zile, na haitatokea zikawa wale, kwa kuwa mashine haichoki, hailipwi, wala haina mtoto wa kupeleka shule. Mtoto alijibu kwamba hizi za hapa zimeuliza swali. Mjomba akasema ya shambani haiulizi kitu, nayo imekaa mahali pake. Mjadala huo wa dakika chache, ambao mpaka wake ulikuwa z- na w-, ulikuwa na uzito kuliko sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu ngeli na uhai katika tasnifu zetu, maana aliyekuwa akishikilia z- alikuwa na kitu cha kupoteza.

Wanafunzi wa riwaya ya Kiswahili hawana budi kumkumbuka Katama Mkangi hapa. Riwaya yake Walenisi, ya mwaka 1995, ni miongoni mwa kazi chache za Kiswahili zinazoweza kuitwa bunilizi ya kisayansi bila kusitasita: Dzombo anatiwa katika chombo kinachorushwa angani ikiwa ni adhabu ya kifo, kisha anafika kwenye sayari ya watu wanaoishi kwa usawa. Jina la sayari hiyo ni sentensi nzima iliyobanwa: wale ni sisi. Wahakiki wameisoma sentensi hiyo kisiasa, na ni haki yao, kwani Mkangi aliwahi kutiwa kizuizini kwa ajili ya siasa. Lakini kabla ya siasa kuna sarufi. Ili mtu aweze kusema wale ni sisi, ni lazima kwanza akubali kusema wale. Zile ni sisi haisemeki. Mtoto wa gredi ya saba alikuwa amevuka hatua ya kwanza. Mjomba alisimama mlangoni akamzuia, na kwa sababu zake hakuwa mjinga.

Virmire

Kilele cha mchezo, kwa mchezaji huyu, kilikuwa sayari ya Virmire. Kamanda anakuta humo kituo cha Saren ambacho ni lazima kilipuliwe. Askari wake wawili wa kibinadamu, Ashley Williams na Kaidan Alenko, wanatenganishwa: mmoja yuko na kikosi kinachowavuta maadui, mwingine yuko penye bomu. Wote wawili wanazidiwa. Muda unatosha kumfikia mmoja tu. Mchezo hauna njia ya tatu. Ustadi haumsaidii mchezaji, wala silaha bora, anayeachwa anakufa.

Msichana alitafsiri hali hiyo kwa hadhira yake kisha akanyamaza. Wadogo zake waligawanyika, mmoja kwa Ashley, mmoja kwa Kaidan. Gogo, ambaye hadi wakati huo alijifanya hasikilizi, aliuliza ni yupi kati yao mwenye wazazi hai. Swali hilo haliko katika mchezo kama kigezo cha uamuzi, lakini ni swali la mtu aliyewahi kuona maamuzi ya namna hiyo yakifanywa. Msichana alimchagua Kaidan. Ashley akabaki na bomu.

Kauli iliyofuata ilikuwa na kitenzi kimoja: nimemwacha.

Hakusema amemwacha, ingawa Kamanda ndiye aliyetoa amri kwenye kioo. Hakusema tumemwacha, ingawa waliamua kwa kelele za pamoja. Ni- ilitoka bila kutafutwa, kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze nje ya tafsiri ya vibao. Ikumbukwe kwamba riwaya za majaribio za Kiswahili zimekwisha kumzoeza msomaji na mimi mwenye kutangatanga. Wasomaji wa Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, au wa Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, husafiri ndani ya kichwa cha msimulizi asiyejua aendako. Hata hivyo hakuna msomaji wa Nagona anayefunga kitabu akasema nilipita pale. Ni- ya riwaya ni ya msimulizi, msomaji huiazima akairudisha. Ni- ya Virmire haikuwa na msimulizi wa kuidai. Ilimbakia aliyeitamka.

Wahakiki wa upokezi, Wolfgang Iser akiwa mmoja wao, hufundisha kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Nadharia hiyo inasaidia, lakini hapa inafika mwisho wake upesi. Pengo la Virmire halijazwi kwa fikira ambayo msomaji mwingine ataijaza kwa namna yake bila matini kubadilika. Linajazwa kwa tendo, na matini yote inayofuata inalitii tendo hilo. Ashley hayupo tena melini, wengine wanamtaja, mahali alipozoea kusimama pako wazi. Pengine istilahi ya fanani itatufaa zaidi kuliko ya msomaji, mradi tukubali fanani wa aina mpya: asiyeitunga hadithi, asiyeijua mwisho wake, na bado anayewajibika kwayo mbele ya hadhira iliyo karibu kiasi cha kumgusa bega.

Inafaa kuongeza kwamba ni- hiyo haikudumu. Asubuhi iliyofuata, akimsimulia jirani, msichana alirudia a-: Kamanda alimwacha askari mmoja. Usiku alikuwa mtenda, mchana akawa msimulizi. Wadogo zake hawakumfuata huko. Wao walishika tu-, tulimwacha, na waliishika hata mbele ya jirani, kana kwamba wanamgawia dada yao mzigo ambao yeye alikwisha kuuhamishia kwa nafsi ya tatu.

Siku mbili baadaye msichana alifanya jambo ambalo mchezo wa tarakilishi huliruhusu na ngano hailiruhusu. Alirudi kwenye faili aliyoihifadhi kabla ya Virmire, akaicheza sehemu hiyo upya, na safari hii akamwokoa Ashley. Kaidan ndiye aliyebaki. Hadithi ikaendelea hivyo hadi mwisho wake, na Ashley akawa melini, hai, akizungumza na Kamanda mahali palepale alipozoea kusimama. Katika matini iliyomalizwa hapakuwa na tukio lolote la yeye kuachwa. Mdogo wa gredi ya saba alimtazama kwenye kioo akizungumza, kisha akamwambia gogo, aliyekuwa ameuliza huyo ni nani: ni yule tuliyemwacha.